ASKARI AKIPIGWA HAFI, ANALAZWA

SEHEMU YA 1

Nimetoka shifti, nimeoga, nina kikombe changu cha chai ya rangi hapa, sasa nawajibu.

Juzi niliweka humu picha ya mkeka wa mwanangu, ule wenye askari wa udongo na reli ya chelewa, nikaandika tu: "Vita imefika zamu ya tano, mama haruhusiwi kupita." Basi. Sikujua kama nimechokoza mzinga.

Komenti zimekuja za aina tatu. Aina ya kwanza: nesi mzima, kazi yako kuokoa watu, unafundisha watoto kuuana. Ya pili: mtoto wa darasa la nne anachezea vizibo na udongo, wenzie wana tableti wanajifunza Kiingereza. Ya tatu imetoka kwa mtu mzima mwenye heshima zake, nampa shikamoo yake kabisa. Yeye kasema mchezo una sheria zake, na mtoto anayebadilisha sheria kila siku anafundishwa kuchakachua, leo mchezo kesho mtihani.

Nawajibu wote, ila kwa sehemu sehemu, maana nikimwaga yote mara moja hamsomi, nawajua. Na niseme mapema, leo mie si yule nesi mpole wa dirisha la chanjo.

SEHEMU YA 2

Kwanza mjue mchezo wenyewe, maana wengi mmekoment picha tu.

Askari ni wa udongo wa kichuguu. Wanafinyangwa, wanaanikwa kivulini siku mbili, halafu wanachomwa kwenye jiko la mkaa nikishamaliza kupika. Kila mmoja anasimamishwa juu ya kizibo cha soda asianguke. Kumi kwa kumi. Bunduki ni njiti za kiberiti zilizokwisha kuungua. Uwanja ni mkeka. Kanga ya bluu ndo bahari, kanga iliyokunjwa ndo kilima, maboksi matupu ya dawa ndo nyumba za mjini.

Wachezaji wawili: mwanangu na mwenzie wa nyumba ya pili kutoka kwetu.

Huyo mwenzie ana selimundu. Nimemwomba mama yake ruhusa ya kusema hili, kaniambia, "Sema shoga, pengine watanielewa." Jina simtaji, na wanaomjua hapa Pongwe naomba msimtaje kwenye komenti.

Mtoto mwenye selimundu anapenda mpira kama wako. Ila akikimbia juani mpaka akaishiwa maji mwilini, au akinyeshewa akapata baridi, chembe zake za damu zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndo maumivu. Sisemi maumivu ya kuumwa mguu. Nimeona mtoto wa miaka saba anang'ata shuka asilie kwa sababu mama yake analia. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo usidhani ni habari ya jirani tu. Na si uchawi, wala si mkosi wa mama. Jeni inatoka kwa wote wawili, baba na mama, kila mmoja anaweza kuwa mzima kabisa hajijui, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Wagosi mnaosusa wake zenu kwa ajili hii, hapo kwenye "wote wawili" msome mara mbili.

Sasa huyu mtoto alikuwa anakaa kwenye ngazi anaangalia chandimu. Mwaka mzima. Anawashikia wenzie ndala. Siku moja mwanangu kaacha mpira kaja kukaa naye, wakaanza kupanga vizibo. Mchezo ulianzia hapo. Hakuna aliyewafundisha, na kwa taarifa ya mtu mzima wangu wa aina ya tatu, haukuwa na sheria hata moja.

SEHEMU YA 3

Nimesoma majibu yenu ya mchana. Kuna aliyeniita "nesi wa vita". Sawa, nimelipokea.

Tuje kwenye sheria. Hapa ndo nina hasira zaidi, kwa hiyo hapa nitakaa.

Mwanzoni walikuwa wanapima mwendo kwa shubiri. Askari anatembea shubiri moja, anapiga risasi shubiri tatu. Ikaonekana haki, mpaka siku ya pili. Mwanangu ana mikono mikubwa kama ya baba yake. Mwenzie ni mdogo wa umbo, watoto wa selimundu wengi hukua polepole. Kwa hiyo shubiri ya huyu si shubiri ya yule, na mdogo alikuwa anashindwa kila siku. Alipogundua akasema, "Unanishinda kwa kidole, si kwa akili." Wakagombana, wakanuniana mpaka jioni. Nikataka kuingilia. Bibi yao akanishika mkono, akasema waache.

Kesho yake wamekuja na kamba ya mkonge. Si tuko Tanga? Wakakata vipande viwili, kifupi cha kutembea, kirefu cha kupigia. Kamba moja kwa wote.

Sasa mtu mzima wangu, nakuuliza kwa heshima: hapo nani kachakachua? Mie naona watoto wawili wa darasa la nne wamegundua kwa nini sokoni kuna mizani.

Halafu ikaja habari ya kupiga. Utajuaje risasi imempata mtu? Walitaka dadu. Bibi akakataa katakata, dadu ni kamari, haiingii nyumbani kwake. Na hapo sikubishana naye, nyumba ni yake. Basi wakatumia simbi nne. Unazirusha, zile zinazoangukia mgongo ndo unahesabu. Mbili zikitosha, umepata. Ikawa balaa, kila risasi inapata, vita imekwisha kabla ubwabwa haujaiva. Wakakaa na daftari wakarusha mara hamsini wakiandika. Wakaona mbili ndizo zinazokuja mno, tatu zinakuja mara chache, nne ndo kama bahati nasibu. Wakabadilisha: sasa lazima tatu. Huyo mwanangu kwenye hesabu ana wastani wa kawaida tu, sitaki kujisifu uongo. Ila siku hiyo alikuwa anafanya hesabu ambayo mie nilikutana nayo chuoni nikaikimbia.

Mnasema mchezo una sheria zake. Zake nani? Bao hilo mnaloliheshimu barazani lina mashimo 32 na kete 64, na wazee wenyewe wana bao la aina zaidi ya moja. Bao la Kiswahili lenyewe linaanza na kete chache ubaoni, zingine 22 kila mtu anazo mkononi, kuna namua, kuna mtaji, kuna nyumba, mgeni anaweza kulia. Ndo maana kuna bao la kujifunza, kete zote zinapangwa mbili mbili mashimoni, hakuna za mkononi, mtoto anaanzia hapo. Kuna mzee alikaa mahali akasema huyu mdogo hataweza, tumrahisishie. Huyo mzee naye alichakachua?

Na drafti je? Nenda kijiwe chochote, vizibo vya soda, wengine wamefunika wengine wamefunua. Kabla hawajaanza utasikia, "Hapa kwetu tunacheza hivi." Watu wazima, na ndevu zao.

Hata huko kwa Wazungu mnaokuita mbele. Mwandishi wa Uingereza H. G. Wells, mtu mkubwa kabisa, mwaka 1911 aliandika kitabu kuhusu michezo ya sakafuni aliyocheza na wanawe, halafu mwaka 1913 akatoa kingine, Little Wars, cha vita vya askari wa kuchezea. Humo kaeleza jinsi yeye na rafiki zake walivyokuwa wanacheza, wanaona kasoro, wanarekebisha kanuni, wanacheza tena. Kitabu kikachapishwa. Leo kuna kampuni kubwa huko Uingereza zinauza vinyago vidogo vya vita kwa bei inayotisha, na wanunuzi wakifika nyumbani bado wanakaa na rafiki yao wanakubaliana kanuni zao wenyewe. Huyo wa Uingereza akifanya ni ubunifu, wangu wa Pongwe akifanya ni udanganyifu!

Kudanganya ni kuvunja kanuni mwenzio hajui. Hawa wamekaa chini, wamesikilizana, wote wamekubali, na wameandika kwenye daftari. Kuna mabaraza ya watu wazima hayafanyi hivyo.

SEHEMU YA 4

Hii fupi, naingia usiku.

Wa tableti. Sina ugomvi na simu, si ndo naandikia hapa? Ila msiniambie mtoto wa mwaka mmoja na nusu kushikishwa katuni ili ale uji ni kumuelimisha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano: wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kukalishwa mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndo bora zaidi. Mie naletewa watoto wa miaka mitatu, ukimchoma sindano halii mpaka umzimie katuni.

Wa darasa la nne hamo kwenye mwongozo huo, ni kweli, msije mkanisahihisha. Ila swali langu ni moja. Kwenye gemu la simu mtoto akiona kanuni inamwonea, anamwambia nani?

Tutaendelea. Mwenye bando la kunitukana atunze mpaka kesho.

SEHEMU YA 5

Sasa wa "kufundisha kuuana". Nimewaacha mpaka leo kwa sababu jibu lenu si langu, ni la yule mtoto.

Kwanza historia kidogo, maana wengi wa humu mmezaliwa Tanga na hamjui mnakanyaga wapi. Novemba 1914, Waingereza walileta meli zimejaa askari kutoka India, kama 8,000, wakashukia upande wa Ras Kasone. Mjerumani von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Wengine aliwaleta kwa treni kutoka Moshi, kwa reli hiihii inayopita hapa Pongwe mbele ya macho yenu. Katikati ya mapigano nyuki wakachafuka, wakauma watu wa pande zote. Ndo maana Waingereza wenyewe huviita Vita vya Nyuki. Tarehe 5 waliondoka, wameacha bunduki na risasi chungu nzima. Na waliokufa kwa pande zote, wengi hawakuwa Mwingereza wala Mjerumani. Walikuwa Wahindi na Waafrika, kwenye ugomvi usiowahusu.

Haya watoto waliyasikia kwa babu wa jirani. Basi mchezo wao ukapata kanuni mbili mpya. Ya kwanza, treni: yule mwenye watu wachache anapata askari watatu wa ziada zamu ya sita, lakini lazima treni ipite kwenye reli ya chelewa mpaka mwisho wa mkeka, na adui anaweza kuing'oa reli. Ya pili, nyuki: mtu akirusha simbi zote nne zikaangukia mgongo, nyuki wametoka, na askari wote waliosimama karibu na mwembe, wa huku na wa huku, wanakimbia kamba mbili nyuma. Hakuna anayewaamuru nyuki. Mwanangu alitaka ziwe silaha yake, mwenzie akakataa: "Nyuki hana upande."

Lakini kanuni ya maana ni nyingine.

Siku za mwanzo askari akipigwa, amekufa, anatupwa pembeni. Mwenzie mtu akarudi kutoka wodini, alikuwa kalazwa siku nne. Mchezo umeanza, askari wake wa kwanza kapigwa. Mwanangu kanyoosha mkono amtoe. Yule kamshika: "Hafi huyo. Analazwa."

"Kapigwa risasi!"

"Ndo analazwa. Mie si nalazwa? Na ninarudi."

Nilikuwa nachambua mchele, nikasimama.

Walibishana siku mbili. Mwanangu hoja yake ilikuwa ya kweli: kama hakuna anayekufa, vita itaisha lini? Mwisho wakafika hapa. Aliyepigwa anawekwa kwenye kisahani, ndo wodi. Anakaa zamu tatu. Mwenzie akimpelekea kizibo cha maji, anakaa mbili. Na yule ambaye zaidi ya nusu ya watu wake wako wodini lazima aombe suluhu, na mwingine haruhusiwi kukataa. Wameongeza pia kwamba kila zamu ya tano wachezaji wenyewe, si askari, wanakunywa kikombe cha maji. Hiyo ni kanuni, usipokunywa umepoteza zamu.

Mie nimemshauri mama yake miezi na miezi habari ya huyo mtoto kunywa maji. Alikuwa anamwaga dirishani. Sasa anakunywa asipoteze zamu.

Kwa hiyo mkiniuliza tena nawafundisha nini, sijawafundisha kitu. Ningewafundisha mie, ningewaletea kanuni zangu nzuri za kikubwa, na hiyo ya kulazwa isingekuwepo. Isingenijia akilini. Na wale mnaoogopa neno vita: hivi mmewahi kusikiliza mtoto wenu anacheza gemu gani kwenye hiyo simu ya kujifunza Kiingereza?

SEHEMU YA 6

Kuna mama kaniuliza inboksi, kwa upole, nikamshukuru: "Dada nesi, hivyo vizibo si hatari?"

Ni hatari, mama. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu, vizibo, simbi, komwe, njiti, vyote vikae juu asikofikia. Kimo cha mtoto akisimama juu ya ndoo, si kimo chake tu. Kizibo chenye kutu tupa, makali yake yanakata, na hakikisha chanjo za mtoto zimekamilika. Akipaliwa na kitu na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, anza hapohapo huku mtu anaita msaada. Mdogo wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi mkononi mwako, kichwa kiwe chini, mpige mgongoni katikati ya mabega mara tano, ukimgeuza mbonyeze katikati ya kifua mara tano, rudia. Wa zaidi ya mwaka, mpige mgongoni mara tano, kisha simama nyuma yake umbane tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara tano. Akilegea, hasikii, anza kumsukuma kifua na mkimbize hospitali. Usichokonoe koo kwa kidole kama kitu hukioni.

Na mwenye mtoto wa selimundu: homa yoyote usisubiri asubuhi. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, kifua kubana, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, twende hospitali.

Basi, sasa la mwisho, na hili ni langu mwenyewe. Mmekuwa mkinisoma siku tatu nikiwasema watu wazima, ni haki mlisikie.

Mwezi uliopita nilitoka shifti ya usiku, watatu tulikuwa tufanye kazi ya watu sita, usiniulize. Nafika nyumbani nataka godoro. Sebuleni mkeka umetandazwa, udongo, vizibo, kanga yangu nzuri imekuwa bahari. Mwanangu yuko shule. Nikafagia. Vyote. Askari nikawatia kwenye ndoo ya taka, na waliovunjika walivunjika. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Vita ile ilikuwa imesimamishwa kwa sababu mwenzie alikuwa kalazwa. Mwanangu alikuwa amekataa kuucheza peke yake, alikuwa anapita pembeni ya ukuta siku tano nzima asiuguse. Nilijua hilo? Nilijua. Nilichoka tu.

Yule mtoto katoka wodini Ijumaa, kaja moja kwa moja, bado ana plasta mkononi. Kasimama mlangoni anaangalia sakafu safi. Hakulia. Kaniuliza, "Shikamoo mama. Nani kashinda?"

Nilikosa jibu. Nimejibu mama waliofiwa, ila hapo nilikosa.

Siwaambii msifagie nyumba. Nawaambia kuna vurugu ya sakafuni ambayo ina mwenyewe na ina mahali ilipofikia, na kabla hujatia ufagio uliza. Uliza kama unavyouliza kabla ya kuzima sufuria ya mtu. Mwambie akusogezee upite, mpe ubao au kipande cha sanduku apangie juu yake, ukitaka nafasi unauinua wote unauweka chini ya kitanda. Mie sasa nina ubao wa fundi, nimeomba masalio yake, bure.

Askari wamefinyangwa upya. Tisa wa huku, kumi wa huku, udongo uliisha. Mdogo wake mwanangu, wa miaka mitano, naye anataka kuingia, na anataka treni ibebe soda badala ya askari. Wakubwa wanabishana naye tangu jana na sijui wataishia wapi. Bibi kanishika tena mkono.

Kesho naingia usiku. Ubao uko chini ya kitanda, zamu ya tano imekwisha, maji yamenyweka, treni bado haijafika Pongwe.